Usinikumbatie Leo

Siku ya punguzo la bei, duka la vitambaa lilifurika watu hadi mlangoni. Fundi nguo, kijana mrefu mwenye tepi ya kupimia iliyoning'inia shingoni, alivuta jora la kitambaa laini cha buluu akashangaa halisogei. Upande wa pili mwanamke mmoja alikuwa ameishika ncha yake, amefumba macho, anaipitisha shingoni polepole.

"Dada, unakinunua au mmeshafunga ndoa?"

Akafumbua macho. Alivaa gauni pana la pamba na ndala, na nywele zake zilisukwa vizuri hata wanawake wengine pale wakaanza kujipapasa vichwa.

"Nakionja."

"Kwa shingo?"

"Wewe fundi huonji kwa shingo? Ndiyo maana tunajikuna kwenye nguo zenu."

Fundi alicheka hadi muuza duka akamwomba asogee. Waligawana kile kitambaa, wakapeana namba za simu, na kabla ya jioni Fundi alikuwa amempa jina: Hariri.

Hariri alikuwa msusi, mwenye saluni ndogo mtaa wa pili kutoka pale. Hakumwambia Fundi kwa nini anaonja vitambaa. Kuna siku mshono wa kawaida tu ulimwasha begani kama pilipili. Kuna siku aliamka amechoka kuliko alivyolala, vidole vizito, mgongo na mapaja vinauma bila kuanguka popote. Baada ya kuzungushwa miaka kwenye vipimo, daktari mmoja mpole alimtajia jina: fibromyalgia, ugonjwa wa maumivu ya mwili mzima. Haionekani kwenye picha wala kwenye damu, alimwambia, na haiui. Dawa na mazoezi yatakupunguzia, ila kuimaliza hatujui.

Mchumba wake wa kwanza alisikia neno moja tu, kwamba vipimo ni safi. "Basi ni uvivu," alisema, akaenda zake. Shangazi aliyemlea naye akampa usia wake: "Huyu wa sasa usimwambie kitu. Funga mdomo mpaka ufunge ndoa. Ukishaingia ndani atazoea." Shangazi wa watu alikuwa anampenda, lakini ushauri ule ulimtia Hariri hofu kuliko maumivu yenyewe. Akisema, atamkosa. Asiposema, ataishi ndani ya nyumba ya huyu mtu akijificha kama mwizi.

Kwa hiyo alijificha. Simu ilipolia asubuhi alikohoa kwanza kusafisha sauti.

"Hariri wangu, umeamkaje?"

"Salama, Fundi wangu." Alikuwa anautazama mlango wa bafu na kujiuliza atafikaje.

"Mbona sauti imekwama?"

"Imebaki kwenye mto. Iache ilale."

"Nije niiamshe?"

"Ukija mikono mitupu utarudi ulikotoka."

Fundi alifurahi. Ila kila alipomkumbatia, alimsikia anakakamaa, na moyo wake ukaingiwa na ubaridi. Huyu ananipenda kwa simu tu, aliwaza. Akaamua kumshangaza. Kwa kuwa alijisifu kwamba jicho lake halihitaji tepi, alimpima kwa macho, akamshonea gauni la kubana, lenye bitana na shanga mabegani, la kuvaa siku atakayompeleka kwa mama yake. Kazi ilikuwa safi, hakuna ubishi.

Hariri alilivaa mbele ya kioo, akapendeza kweli. Kabla hajamaliza kufunga zipu, shanga zilimwasha mabegani kama pilipili. Alilivua akilia, akaliacha kitandani, na mdogo wake wa kike akaliomba la kwendea harusi ya rafiki. Fundi alikutana nalo barabarani, juu ya mwili mwingine, linacheka.

Alipiga simu palepale.

"Kama hunitaki, si ungesema? Unagawa hadi nguo!"

"Sivyo unavyofikiri."

"Nieleze basi."

Hariri alifungua mdomo. Akamkumbuka yule aliyeenda zake. "Siwezi," alisema, na Fundi akakata simu.

Zikapita siku za kimya. Mwili wa Hariri, ambao huzuni huuchochea, uliwaka wote. Mchana mmoja saluni chanuo kilimponyoka, mteja akaahirisha, naye Hariri akaufunga mlango nusu na kujilaza sakafuni, maana hata kiti kilimuumiza. Vidole havikukunjika. Aliogopa kikweli sasa: mikono hii ndiyo iliyomlisha.

Fundi alikuja kuomba radhi kwa zile kelele. Alipomkuta chini, alirukia kumwinua.

"Usiniguse!"

Ukelele ule ulimrusha nyuma akagonga kiti. Alibaki pale, mikono hewani, uso umempauka.

Ndipo Hariri akasema yote, akiangalia dari: ugonjwa, gauni, mchumba, shangazi. "Na haiponi," alimalizia. "Haya, nenda. Mlango hujaufunga."

Fundi hakwenda. Alikaa chini, mbali kidogo.

"Leo wapi hapaumi?"

Hariri aliukagua mwili wake wote kwa mawazo. "Ncha ya pua."

Fundi alitaka kucheka, machozi yakamwahi. Mikono yake ilikuwa inatetemeka.

"Una nini wewe?" Hariri aliuliza.

"Naogopa. Kumbe kila nilipokukumbatia nilikuwa nakuumiza, na mimi nikanuna. Naogopa nitakosea tena. Naogopa siku vidole vyako vitagoma kabisa na sitajua la kufanya. Nataka kukuoa, na naogopa."

Hariri aligeuza kichwa amtazame. Watu wote aliowahi kuwaambia walicheka, walikunja uso, au walimpa mawaidha. Hakuna aliyeogopa hata mmoja, kwa sababu hakuna aliyeamini kwamba kuna kitu cha kuogopa. Huyu ameamini, ndiyo maana anatetemeka.

"Kuna siku nitakuwa hivi wiki nzima," alisema.

"Nimesikia."

"Na mama yako utamwambia. Sitaki kuingia kwake nimejificha."

"Tutamwambia wote wawili. Unakubali nikuoe, au nikuulize ukisimama?"

"Nakubali. Nikisimama naweza kupata akili." Halafu sauti ikapungua. "Ila mimi pia bado naogopa."

"Najua."

"Basi njoo uogopee hapa, karibu yangu. Usinikumbatie leo."

Fundi akajinyoosha kwenye sakafu ya saluni, juu ya mabaki ya nywele, akauweka mkono wake kando ya wake, bila kuugusa.