Ubeti wa Mwisho wa Wimbo wa Dirisha

Jumamosi ya tarehe tisa Agosti 2025, saa kumi na mbili na dakika arobaini jioni, Edith alijifunga kanga kiunoni akatoka kwenda dukani kununua dawa ya gesi ya mtoto. Tangu ajifungue alikuwa akitazama saa kwa kila jambo: mtoto amenyonya saa ngapi, amelala saa ngapi. Kilio tu ndicho hakikuhitaji saa. Kilianza kila siku jua likigusa maji ya ziwa, na jua lilikuwa limekwisha kugusa.

Dukani kwa Mwanarusi redio ilikuwa ikicheza Wimbo wa Dirisha.

Una jina lake la Kiingereza, refu, ambalo hakuna anayelijali. Ni wimbo wa wazungu wa miaka ya sabini, wa polepole, gitaa na kinanda: msafiri anamsihi aliyemwacha nyumbani asiizime taa ya dirishani mpaka arudi. Wimbo unaisha hajarudi. Kutoka Migori hadi Homa Bay hakuna harusi, matanga wala baa isiyoujua. Kwaya zimeurudia, wapiga benga wameurudia, hata kuna bwana mmoja wa Rongo aliyeurudia kwa filimbi ya plastiki. Jeff, mume wa Edith, fundi wa redio hapo Kendu Bay, alikuwa amekusanya marudio hayo yote kwenye flashi moja. Ndiye aliyeongoza kundi la WhatsApp la wapenzi wa wimbo huo, watu wazima waliotukanana mpaka alfajiri kwa sababu ya noti moja ya gitaa. Edith mwenyewe alitongozwa kwa wimbo huo.

“Kijana wenu bado hana jina?” Mwanarusi aliuliza, akirudi kuimba pamoja na redio kabla hajajibiwa.

“Bado, mama. Anayakataa.”

“Wiki ya sita anakataa! Mpe langu basi. Aitwe Mwanarusi, aone aibu anyamaze.”

Edith alicheka, akachukua chupa yake ya dawa akaondoka.

Njia ilikuwa na harufu ya omena, dagaa wa ziwani, waliochelewa kuanuliwa. Redio ya Mwanarusi ilififia nyuma yake, kama ilivyopaswa. Lakini wimbo haukufifia. Alitembea hatua kadhaa kabla ya kuelewa kwamba sasa alikuwa akiusikia kutoka mbele. Gitaa jingine. Moja tu, lenye uzi mmoja uliolegea, ule wa chini kabisa. Na harufu ya omena ilikuwa imepotea. Badala yake ilimjia harufu ya mawe yaliyosagwa, mabichi, kama ya machimbo…

Akaanza kukimbia.

Nyumbani spika ilikuwa imezimwa. Jeff alikuwa mezani na kikombe cha chai, mikono juu ya masikio. Mama yake, Risper, alikuwa amempakata mtoto karibu na mlango.

“Ni wewe Ogada?” Risper alikuwa akimwuliza mtoto. “Ni wewe Atieno? Ni wewe baba yangu, uliyefia machimboni Macalder?”

Kwa watu wa Jeff, mtoto akilia bila sababu huitiwa majina ya waliokufa, moja baada ya jingine. Jina litakalomnyamazisha, huyo ndiye aliyerudi, na jina ni lake. Edith alikuwa amesomea takwimu chuo kikuu. Mwanzoni alijiambia kwamba mtoto yeyote hatimaye huchoka, na jina litakalokuwa mdomoni wakati huo ndilo litakaloshinda. Lakini huyu hakuchoka. Risper alikuwa amemaliza wafu wa kwake, wafu wa mumewe, na wafu wa kwao Edith. Mtoto alilia mpaka sauti ikawa mkwaruzo, midomo ikaanza kuwa ya buluu.

“Kuna mtu hatujamtaja, min nyathi,” Risper alimwambia Edith. Hivyo ndivyo alivyomwita siku zote, mama wa mtoto. “Kuna mtu amesimama nje na sisi tunaita wengine.”

Spika ikawaka.

Hakuna aliyeigusa. Taa yake ndogo nyekundu iliwaka, flashi ikasomwa, na likaanza gitaa lenye uzi uliolegea.

Mtoto akanyamaza.

Edith aliyajua marudio haya. Ndiyo pekee ambayo Jeff hakuyaandikia jina la mwimbaji wala mahali. Yalianza ghafla, katikati ya makofi ya watu, na yalikatika baada ya ubeti wa tatu. Kila yalipofika zamu yake, Jeff aliinuka akayaruka. Lakini usiku mwingine, akidhani Edith amelala, aliyasikiliza peke yake kwa sauti ndogo sana.

“Izima,” Jeff alisema.

“Acha!” Risper akanong’ona. “Huoni mtoto anapumua?”

Sauti ilikuwa ya kijana. Aliimba kwa Kiswahili chenye lafudhi ya Kikuria, taratibu, kama mtu anayetembea huku akijua njia. Ubeti wa kwanza. Wa pili. Wa tatu…

Haukukatika.

Baada ya ubeti wa tatu kijana alianza mwingine, wenye maneno ambayo Edith hakuwahi kuyasikia. Kisha mtu akasema, “Wee! Wimbo haumaliziki hivyo, acha kuharibu!” Mwingine akacheka. Kiti kikaanguka. Halafu sauti moja, ya juu, karibu kabisa na simu iliyokuwa ikirekodi:

“Mwizi! Huyu ndiye mwizi wa dhahabu! Mwizi!”

Edith aligeuka kumtazama mumewe. Angeijua sauti hiyo hata chini ya maji.

Kwenye spika kulisikika pigo la kwanza. Kichwa cha Jeff kikarushwa upande.

Mbele yake hapakuwa na mtu. Jino lilianguka ndani ya chai.

Pigo la pili lilimpata ubavuni, na Edith akasikia mfupa ukivunjika, sauti kavu kama kuni. La tatu lilimtoa kitini. Jeff alijikunja sakafuni akikinga uso, na vidole vyake, kimoja, viwili, vitatu, vikapinda kuelekea nyuma kana kwamba vimekanyagwa kwa buti. Alipiga yowe. Kwenye spika kijana naye alipiga yowe, sauti mbili zikawa moja. Damu ilichirizika mpaka chini ya kabati. Na mikononi mwa Risper mtoto alitulia, macho wazi, mwekundu wa afya, akinyonya kidole.

Edith aliirukia spika, akaing’oa flashi.

Kimya.

Jeff akalegea, akihema. Na mtoto akaacha kuhema.

Hakulia. Alifungua mdomo tu, kifua kikasimama. Midomo ikawa ya buluu, halafu ya kijivu. Risper akampuliza usoni, akampigapiga mgongoni, akaita, “Edith! Edith!”, jina ambalo hakuwa amelitumia tangu mtoto azaliwe.

Edith alisimama na flashi mkononi. Ilikuwa na joto. Sakafuni Jeff alimtazama kwa jicho moja lililobaki kufunguka, akatikisa kichwa. Alikuwa ameelewa kabla yake.

“Edy… tafadhali…”

Akairudisha flashi kwa mkono wake mwenyewe.

Mtoto akavuta pumzi. Mguu wa Jeff ukavunjika chini ya goti.

“Ni nani?” Risper alimwuliza mwanawe. Alikuwa amepiga magoti mbali na damu, mtoto kifuani. “Jeff. Huyo anayeimba ni nani?”

“Simjui.”

Pigo. Sauti ya chuma juu ya mfupa.

“Chien akija anataka jina,” Risper alisema, akimtaja kwa neno la kwao mfu anayemwandama aliyemdhulumu. “Mwambie anaitwa nani, aingie, amalize. Atakuua hapa nikiona.”

“Mama, simjui! Alikuwa tu… mchimbaji tu…”

“Unaona aibu mbele yangu? Nilikuosha mimi!”

Edith alitambaa katikati ya damu mpaka akaushika uso wa mumewe. Taya lilikuwa limehama mahali pake. Kila pigo lililompata alilisikia likipita kwenye viganja vyake, zito, kama mtu anayegonga mlango kwa bega.

“Jina, Jeff.”

“Watanifunga.”

“Jina!”

Alimtazama Edith, kisha mama yake. Mtoto hakumtazama kabisa, na hilo Edith hakulisahau. Kwenye spika umati ulikuwa umeongezeka. Mtu aliuliza kama kuna tairi.

“Gisiri,” Jeff alisema.

Spika ikazimika.

Mtoto alitoa kidole mdomoni, akapiga miayo, akalala.

Harufu ya mawe yaliyosagwa ilibaki chumbani, na nje, kwa majirani, watu waliokuwa wametazama mpira walikuwa wakibishana kana kwamba hawakuwa wamesikia yowe hata moja. Baadaye waliapa kwamba hawakusikia.

Jeff alisema mengine vipande vipande, kupitia meno yaliyobaki. Mwaka juzi kundi lao lilifanya mashindano ya kuurudia wimbo, katika baa moja huko Macalder. Jeff alikuwa amejizoeza miezi mitatu. Kisha akapanda kijana kutoka Kegonga, vumbi la machimbo bado nyweleni, na gitaa la kuazima lililotiwa uzi wa breki ya baiskeli. Alikuwa ametunga ubeti wa nne. Katika ubeti wake msafiri anafika nyumbani.

“Ulikuwa mzuri,” Jeff alisema. Alikuwa analia. “Hata wa wazungu haufiki pale. Nimeupenda huu wimbo maisha yangu yote, Edy, na yeye ndiye aliyekuwa ameupata. Nilitaka tu ashuke.”

“Ukaita mwizi.”

“Nilitaka ashuke.”

“Ubeti wa nne uliishaje?”

“Hakuumaliza,” Jeff alisema. “Alifika mlangoni tu.”

Risper alivua kitambaa chake cha kichwa akamfunga Jeff taya. Kisha akampa Edith mtoto, taratibu, kwa mikono miwili, jinsi mtu anavyompa mgeni kitu.

“Umemtaja,” alisema. “Sasa ana kwao.”

Asubuhi, kabla ya saa kumi na mbili, majirani walimbeba Jeff kumpeleka hospitali. Waliambiwa ameanguka kutoka juu ya mlingoti wa antena. Edith hakuenda nao. Alimwogesha mtoto, akamvika sweta la manjano, akaweka nepi na flashi ndani ya mfuko mmoja, akashika njia ya Migori, na kutoka Migori akaenda Kegonga. Njia nzima mtoto hakulia. Alikuwa akitazama nje kwa makini, na kila walipofika njia panda aligeuza kichwa upande ambao baadaye gari lilikata kona.

Sokoni aliuliza nyumbani kwa Gisiri, yule kijana wa gitaa aliyefia Macalder. Mwanamke aliyeuza mahindi alionyesha mteremko. “Kwa Nyasuguta, mama yake. Nyumba yenye taa.”

Taa ilikuwa dirishani, ya chemni, inawaka mchana kweupe. Kioo chake kilikuwa cheusi kwa moshi, na ukuta juu ya dirisha ulikuwa na alama ndefu ya masizi iliyopanda mpaka kwenye bati.

Edith alikuwa amepanga maneno. Angesema jina la mumewe. Angesema alichofanya. Angempa mama huyo flashi aende nayo polisi. Halafu angeomba baraka ya jina, anywe chai ikiwa atapewa, arudi nyumbani na mtoto wake.

Mlango ulifunguliwa kabla hajabisha. Nyasuguta alikuwa mwembamba, na hakumtazama Edith hata kidogo. Alimtazama mtoto. Alisema jambo kwa Kikuria, fupi, kama mtu anayemgombeza aliyechelewa chakula.

Mtoto alicheka. Hakuwa amewahi kucheka.

“Mama, shikamoo,” Edith alisema. “Huyu anaitwa Gisiri. Nimekuja…”

Nyasuguta alinyoosha mikono, na Edith alishangaa kuona mikono yake mwenyewe ikimpa.

Nyasuguta aliingia ndani naye. Kupitia dirishani Edith alimwona akiinama juu ya taa, mtoto begani, akaipuliza kwa pumzi moja akaizima. Moshi ulitoka nje ukampita usoni. Kisha mlango ukafungwa, na komeo likatiwa.

Ndani, kitu kilianza kuimba ubeti wa nne, kuanzia pale ulipokatizwa. Ilikuwa sauti ndogo mno, isingeweza kuwa ya mama yule.

Edith alitazama saa. Saa nne na dakika kumi. Aliketi kwenye nyasi mbele ya mlango, mfuko wa nepi mapajani, maziwa yakimchuruzika ndani ya blauzi, akangoja afunguliwe.