Kiraka cha Siri

Duka la vifaa vya umeme lilikuwa limefurika, na feni ndogo ya mezani ilibaki moja tu. Mikono miwili iliidaka kwa pamoja. Mmoja ulitoka kwenye sare nyeupe ya muuguzi. Wa pili ulikuwa wa dada mwenye gauni la manjano, raba miguuni na miwani iliyopandishwa kichwani.

"Dada, nihurumie. Mama yangu joto linamtesa."

"Na kompyuta yangu inahema kuliko mama yako. Pole, kaka."

"Basi tugawane. Wewe chukua panga, mimi nichukue kitako."

Dada alicheka mpaka miwani ikamshukia puani. Akaiachia feni, akadai namba ya simu iwe fidia. Damu zao zilipatana pale pale, mbele ya muuzaji aliyekuwa akisubiri pesa yake.

Dada alikuwa fundi wa programu. Yeye na wenzake wachache wa nchi mbalimbali walitunza maktaba moja ya programu, kipande ambacho mfumo wa kompyuta hukitegemea kila unapofungua picha. Kikiwa kizima, hakuna anayejua kwamba kipo. Kikitoboka, kompyuta zote zinazokitumia zimetoboka, ziwe za benki, za shule au za hospitali. Muuguzi akamwita Fundi, naye akamwita Nesi wangu. Mama yake Nesi akaanza kumwita mkwe kabla hata hajaposwa.

Kisha mama akaugua moyo, akalazwa wodi ya mahututi aliyofanyia kazi mwanawe. Wiki hiyo hiyo Fundi akagundua tundu. Picha moja iliyotengenezwa kwa hila ingeweza kumpa mwizi kompyuta nzima, aifunge mpaka alipwe. Na skrini za wodi ile, zilizoonyesha mapigo ya moyo ya wagonjwa wote, zilitumia mfumo huo huo. Fundi alizikumbuka, akarudi kwenye kompyuta yake.

Kazi yao ina mwiko. Tundu likigunduliwa, haambiwi mume wala mzazi mpaka kiraka, yaani programu ya kuliziba, kiwe tayari, maana neno likivuja wezi huwatangulia mafundi. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawakusema uzibe ufa kimya kimya, mwenye nyumba akiwa amelala ndani.

Jioni moja, nyumbani kwa Fundi, Nesi alisikia sauti yake bafuni. "Hajui lolote. Najua, inaniuma, lakini sitamwambia. Vumilia, tunakaribia kumaliza."

Fundi alipotoka, alimkuta mlangoni.

"Nani huyo?"

"Mtu wa kazini."

"Mtu wa kazini anaongelewa bafuni, bomba limefunguliwa?"

"Mpenzi, niamini. Na nakuomba kitu kimoja: ukiwa zamu, usitegemee skrini peke yake. Mshike mama mkono, umpime mwenyewe."

"Unanifundisha uuguzi? Mama yangu yuko kitandani hajiwezi, wewe unanong'ona na wanaume!"

Nesi akachukua koti lake, akaondoka. Usiku huo akaizuia namba ya Fundi kwenye simu yake. Mwanamume akiwa na wivu na uchovu kwa pamoja, usitegemee busara.

Kiraka kilitolewa kwa umma asubuhi, na hapo ndipo hofu ilipokomaa. Kiraka humwonyesha kila mtu tundu lilipo, mwizi naye akiwemo. Saa chache baadaye hospitali moja ilikuwa imeshafungiwa na wezi kompyuta zake zote. Fundi akaipigia hospitali ya mama. Ofisi ya kompyuta ikamjibu kwa upole kwamba wataweka kiraka mwisho wa wiki, kwa utaratibu. Akampigia Nesi, simu haikuita. Akatoka mbio na raba zisizofungwa kamba.

"Umekuja kumwona mama, au mimi?" Nesi alimuuliza mlangoni mwa wodi.

"Nimekuja kuzima skrini zenu."

Akamweleza yote, pumzi zikimkatika. Nesi alisikiliza, uso ukimbadilika.

"Kwa hiyo yule wa bafuni..."

"Babu wa watu, ana wajukuu sita! Nesi wangu, hakuna muda."

Daktari wa zamu alikuwa ameshasikia habari za hospitali ile nyingine. Akamwita mtu wa kompyuta, akaamuru kiraka kiwekwe. Lakini ili kishike, skrini zilipaswa kuzimwa na kuwashwa upya. Kila kitanda kikapewa muuguzi wa kushika mapigo kwa vidole.

"Na zisipowaka?" Nesi alinong'ona.

"Sijui. Tumekijaribu, lakini si kwenye mashine za zamani kama hizi. Naogopa."

Skrini zikazima.

"Yapo," alisema Nesi, vidole vikiwa kwenye kifundo cha mkono wa mama. "Yapo... Daktari! Yanaruka! Yanapotea!"

Daktari alifika kwa hatua mbili, akachoma sindano. Fundi alisimama ukutani, mkono mdomoni, akiamini ameua. Kisha skrini ya kwanza ikawaka, ya pili, zote. Mstari wa mama ulichechemea, halafu ukatulia.

Baadaye walikaa kwenye benchi la korido.

"Ungeniambia," alisema Nesi.

"Ningekuambia, ungekaa kimya?"

"Nisingekaa. Ningepiga kelele hospitali nzima."

"Na wezi wangesikia."

"Nisamehe, mpenzi. Nikuoe, kama bado unanitaka na mdomo wangu huu."

"Nitakuwa na siri nyingine. Kazi yangu ndiyo hii."

"Basi siku ukiwa nayo, sema tu: ninayo. Nitaogopa pamoja na wewe bila kuuliza."

Fundi alilia, akakubali, akajipangusa kwa kiganja. Wiki zikapita, mama akapata nafuu, posa ikapelekwa. Wakiwa sebuleni kwa mama wanachagua siku ya ndoa, simu ya Fundi ikatetemeka. Akasoma, rangi ikamtoka.

"Ninayo," alisema.

Nesi akamtazama mama yake, kisha akamtazama yeye. Aliogopa. Akasogeza kiti, akamshika mkono, na kwa mara ya kwanza maishani mwake hakuuliza kitu.