Chumba cha Eda

Jua lilikuwa linazama Kariakoo Dalia alipofungua nyumba ya marehemu bibi yake, Bi Hind. Kazi yake ni kupiga picha nyeusi na nyeupe za vyumba vitupu: kuta zilizobanduka chokaa, sakafu zilizochakaa. Watu humcheka, lakini picha zinanunuliwa. Leo alitaka chumba kimoja tu, kabla mjomba wake, Mbaruk, hajamkabidhi mnunuzi nyumba kesho.

"Bibi yako aliridhia mwenyewe iuzwe," Mjomba alimwambia, akaapa bila kuulizwa. Kiapo hicho ndicho kilichomtia Dalia shaka. Babu alipofariki, Bi Hind alikaa eda ya mjane katika chumba hiki, miezi minne na siku kumi asizopaswa kuhama. Eda haijaisha, Mjomba akamhamishia kwake Ilala. Huko hakukawia kufa.

Dalia akasimamisha kamera kwenye stendi. Mwanga ulikuwa hafifu, basi akaiacha ipige taratibu, jicho lake likiwa wazi kwa sekunde nyingi. Kwa picha ya namna hiyo, anayepita haonekani. Huonekana aliyetulia.

Pakanukia sabuni ya kufulia... na nguo mbichi.

Akatazama kioo cha kamera. Ukuta. Dirisha. Na pembeni, mwanamke wa nguo nyeupe, ameketi mkekani, kainamisha uso.

Akainua macho. Pembeni hapakuwa na kitu, hata mkeka.

"Bibi?" alinong'ona.

"Taratibu, mjukuu wangu," sauti ikajibu kutoka pembeni. "Nimo edani."

Mlango wa uani ukalia. Mjomba Mbaruk akasimama koridoni, asitie mguu chumbani.

"Unaongea na nani?"

"Na simu, Mjomba."

Mjomba akashusha sauti. "Muulize amebakiza siku ngapi."

Dalia hakuwa amemtaja mtu.

"Kumbe ulimtoa kwa nguvu."

"Mteja alishapatikana, mwanangu. Ningefanyaje?"

Ndani, mkeka ukakwaruza sakafu.

"Mbaruk," sauti ikaita kwa upole, kama mama anayemwita mwanawe kula. "Njoo ukae na mimi nimalize."

Mjomba akavua viatu.

Dalia akamshika mkono. Mjomba akautoa polepole, akaingia, mlango ukafungwa. Dalia aliusukuma mara moja tu, ukafunguka.

Chumba kilikuwa kitupu.

Akampigia Mjomba simu. Ikaita humo humo, pembeni, penye sakafu tupu. Ikaita... ikaita... kisha ikapokelewa.

"Mwambie mnunuzi asije," Mjomba alinong'ona. "Bado hatujamaliza."