Tanuru la Bi Mikate

"Fungua mlango."

Bi Mikate aliijua sauti ya mumewe. Hakumtarajia siku ile, maana lori lake lilipaswa kuwa bado safarini. Akajipangusa majivu kwenye aproni, akaondoa komeo.

Dereva aliingia na jua la mchana mgongoni. Macho yake yalimpita mkewe kama hayupo, yakatua kwa fundi mwashi aliyekaa kwenye kigoda mbele ya tanuru jipya. Fundi alikuwa ameweka kiganja juu ya matofali, kama mtu anayempima mgonjwa homa. Watu walimwita Taratibu, kwa sababu hilo ndilo neno alilolitamka mara nyingi kuliko jina la mkewe.

"Karibu, shemeji," Taratibu akasema.

"Nani shemeji yako?"

Fundi akatoa mkono kwenye matofali. Bi Mikate akatazama huku na huku, hajaelewa. Alikuwa kama mtu aliyesikia msiba kabla hajaambiwa nani kafa.

Biashara ile ya mikate waliianza wawili, mke na mume, tena kwa kicheko. Bi Mikate alikuwa ameajiriwa na tajiri mmoja kuoka mikate miaka mingi, mpaka wateja wa tajiri huyo wakampa jina hilo. Siku aliyoamua kuoka yake, hakukimbilia kupanga chumba. Alizunguka kwanza maduka ya mtaani akiuliza swali moja tu: mikate huwaishia saa ngapi? Wakamjibu kwamba ikifika katikati ya asubuhi hawana hata ganda. Akawaomba wamwahidi nafasi kwenye rafu, wakamwahidi. Ndipo akatafuta chumba chenye bomba ndani, dirisha la kutolea moshi, na kilicho karibu na maduka hayo ili mkate ufike bado una joto.

Akaenda ofisi ya leseni. Akapimwa afya, maana mtu anayeshika chakula cha watu lazima apimwe. Bwana afya akaja kukagua, akamwambia kuta zipakwe rangi inayooshwa, magunia ya unga yakae juu ya mbao, na sinki la mikono lisiwe lile la vyombo. Vyote akavifanya. Dereva naye kila aliporudi na lori tupu alipakia matofali, na kila akishusha alimtania mkewe.

"Ukitajirika usinisahau mimi kuli wako."

"Kuli mvivu hulipwa ganda la mkate."

"Hata ganda nitakula, mradi umelishika wewe."

Hivyo ndivyo walivyokuwa wakiongea hata wiki ile ilipoanza.

Lilikuwa limebaki jambo moja, kulikausha tanuru. Taratibu alikuwa amemweleza Bi Mikate kwamba tanuru jipya lina maji tumboni. Unaliwashia moto mdogo wa vijiti, kesho unaongeza kidogo, keshokutwa kidogo tena. Ukilikimbiza, maji yanageuka mvuke na yanatafuta njia kwa nguvu. Adui mwingine ni upepo. Upepo ukiingia mlangoni moto unaruka, na mlango wenyewe ulikuwa haujawekwa kitasa. Usipotiwa komeo ulijifungua. Kwa hiyo wakawa wanaufunga. Bi Mikate akawa anashinda mle ndani, kwa sababu moto ule ndio angeishi nao, alitaka kuujua tabia.

Ng'ambo ya barabara palikuwa na saluni ya wifi yake. Saluni ni mahali ambapo mikono hufanya kazi kichwani kwako na midomo hufanya kazi mtaani. Wifi aliuona mlango umefungwa leo, akauona umefungwa kesho. Mtu mwingine angevuka barabara akauliza. Yeye alichukua simu.

Sasa Dereva alimpa mkewe simu asome.

"Kaka, mimi simo. Ila hicho chumba mnacholipia kodi kinafungwa kwa ndani mchana kutwa. Ndani ni wifi na fundi. Ukiuliza, hujasikia kwangu."

Bi Mikate alisoma mara mbili. Akaanza kueleza habari ya upepo, akaeleza kitasa, akamshika mumewe mkono aweke kiganja kwenye matofali, asikie unyevu mwenyewe. Dereva akauvuta mkono wake. Mwanamume wa safari, masikio yake hubaki nyumbani. Njia nzima alikuwa ameishi na mlango ule uliofungwa, amekula nao, amelala nao kwenye usukani, na sasa maelezo yote yalikuwa yamechelewa.

"Tanuru limejengwa, halijajengwa?" akauliza.

"Limejengwa. Halijakauka."

"Basi kazi ya fundi imekwisha. Moto hata mimi najua kuwasha."

Taratibu akasimama, akazungumza bila kupandisha sauti. "Kaka, nitukane utakavyo, nitaondoka. Lakini kuni nene usitie. Na mlango usiuache wazi. Nakuomba kwa ajili ya dada huyu, siyo kwa ajili yangu."

Hapo ndipo alipoharibu, masikini. Angesema kwa ajili ya ujira wake labda angesikilizwa.

"Toka," Dereva akasema.

Fundi akachukua kamba yake na mwiko, akatoka. Dereva akaufungua mlango mpaka ukagonga ukuta, akauzuia kwa tofali. Alitaka mtaa mzima uone. Kisha akaanza kubeba magogo yaliyowekwa kwa ajili ya siku ya kwanza ya kuoka.

"Mume wangu, usilifanye hili," Bi Mikate akasema. "Kama una hasira, nipige mimi."

"Sijawahi kukupiga na sitakupiga."

"Bora ungenipiga. Mimi ningepona."

Dereva aliinama. Akaingiza magogo mdomoni mwa tanuru, akaongeza mafuta ya taa. Upepo wa barabarani ukafanya kazi yake. Moto ulinguruma, na kwa muda kidogo hata ulipendeza. Dereva akamgeukia mkewe na uso wa mtu anayetaka kusema, umeona?

Sauti haikuwa kubwa. Ilikuwa kama mtu anayevunja kijiti gotini. Ikaja nyingine, halafu nyingine. Ufa ukatambaa kutoka mdomoni mpaka utosini, paa la tanuru likakaa chini polepole kama mzee anayekaa, matofali yakaangukia motoni. Majivu yakaruka yakapaka kuta zile zinazooshwa. Ng'ambo ya barabara, wanawake walitoka saluni na vichwa nusu vimesukwa.

Bi Mikate hakulia. Alivua aproni, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya gunia la unga.

Bwana afya alikuja wiki iliyofuata kama alivyoahidi. Alichungulia, akafunga begi lake, akasema pole mama, mkiwa tayari mtaniita. Wenye maduka walisubiri kidogo, kisha wakaipa rafu mikate ya mtu mwingine, maana tumbo la mteja halijui subira. Ukuta wa nyuma nao ulikuwa umepasuka kwa joto, na mwenye nyumba akawataka wamwachie chumba chake. Akiba yote ya Bi Mikate ilikuwa imeingia kwenye matofali, na matofali yakatupwa kwa toroli.

Nyumbani walikaa kama wapangaji wawili. Ilikuwa jioni Dereva alipompigia dada yake, akaweka spika, simu akaiweka mezani katikati yao.

"Siku zile, uliona nini?"

"Kaka, si nilikuandikia."

"Niambie kwa mdomo. Uliona nini?"

"Niliona mlango umefungwa."

"Na nini kingine?"

"Mlango, kaka. Mlango wa biashara haufungwi mchana."

"Mlango tu?"

"Mimi nilitaka ujue tu. Sikusema kuna kitu."

Dereva akakata simu. Akashuka kwenye kiti, akapiga magoti, mtu mzima yule mwenye mabega ya kushusha matofali, akashika miguu ya mkewe. Alisema mengi. Kwamba angeomba safari za mbali zaidi, angeuza hata kitanda, angemfuata Taratibu amwombe radhi mbele ya mke wa fundi.

"Nitakujengea jingine," akasema. "Wallahi nitakujengea."

"Utajenga, najua. Wewe si mvivu." Bi Mikate alimtazama kichwani, mahali nywele zilipoanza kupungua. Alikuwa bado anampenda, na hilo ndilo lililokuwa baya. "Halafu litahitaji kukaushwa. Nitafunga mlango na fundi yumo ndani, na wewe uko njiani. Simu italia. Utafanya nini?"

Dereva alifungua mdomo.

Alikuwa mtu asiyejua kudanganya, na mkewe alimpendea hilo tangu ujana wao. Alitafuta jibu kwa bidii. Jibu halikuja.

"Haya," Bi Mikate akasema. "Nimekusamehe. Lakini kukaa siwezi."

Asubuhi alihamia kwa shangazi yake. Wifi alifika huko na kikapu cha matunda, akalia sebuleni mpaka shangazi akamwambia akalilie nje, ndani wamechoka.

Tajiri wa zamani alimpokea tena Bi Mikate, ila kwenye tanuru alikuwa ameshaweka mtu mwingine. Kilichobaki ni kaunta. Kwa hiyo mikono ile iliyojua unga kwa kuugusa ikawa inafunga mikate ya wengine kwenye karatasi, toka asubuhi mpaka jioni. Wateja wapya hawakumjua kwa jina lolote.

Siku moja foleni ilikuwa ndefu, naye alikuwa anafunga bila kuinua macho. Mdomo wake ukauliza kama unavyomuuliza kila mtu:

"Mmoja au miwili?"

Akainua uso. Dereva alikuwa mbele yake, shati halijapigwa pasi, mikono ameiweka kwenye ukingo wa kaunta. Walitazamana. Mtu wa nyuma akasema jamani tunachelewa kazini.

"Mmoja," Dereva akasema.

Akamfungia. Akachagua ulioiva vizuri, akaukunjia karatasi mara mbili ili usipoe njiani, akampa bila kumgusa vidole.

"Anayefuata," akasema.