Bunduki Si Geti

Mume wangu watu wanamwita Chuma. Hata mimi namwita hivyo, isipokuwa nikikasirika. Nikikasirika simwiti kabisa.

Kazi yake ni kuchomelea mageti, vitanda na madirisha. Karakana yake iko ubavuni mwa nyumba yetu. Kukicha tu, ni grinda, nyundo na cheche. Nyumbani kwetu kila kitu ni cha chuma. Viti vya chuma, meza ya chuma, hata pazia linaning'inia kwenye bomba la maji. Nikileta beseni la plastiki, analitazama kama mgeni asiyealikwa.

Nyuma ya nyumba tuna shamba la mahindi. Nyuma ya shamba kuna msitu, na humo wanatoka nguruwe pori. Wakiingia mara moja tu, jasho la miezi minne limekwenda. Chuma ana kibali cha kuwawinda. Majirani wote wanamtegemea yeye.

Bunduki yake ya zamani ilikuwa ya marehemu baba yake. Mbao zilipasuka, mtutu ukaliwa na kutu. Tukaenda dukani kutafuta nyingine. Nzuri zilikuwa nyingi, lakini uwezo wetu mdogo. Mimi ndiye niliyenyoosha kidole: ile pale, nyeusi, ya kitako cha plastiki.

"Hiyo?" alisema Chuma. "Si afadhali ninunue ndoo?"

"Ndoo haiui nguruwe," nikamjibu. Tukaichukua.

Mwezi wa kwanza ilipiga vizuri. Mwezi wa pili ikaanza visa. Risasi ya kwanza inafika unapotaka. Ya pili inakwenda kulia. Ya tatu, Mungu ndiye anayejua. Siku moja Chuma alimpiga nguruwe mguuni, mnyama akakimbilia msituni akilia. Chuma alimfuata mchana kutwa asimpate. Alirudi amenyong'onyea, chakula hakukigusa.

"Mnyama anateseka kwa sababu yangu," alisema. Ana kichwa kigumu mume wangu, lakini moyo wake ni mlaini. Ndiyo maana nimekaa naye.

Habari zikamfikia afisa wa wanyamapori. Jumanne alikuja mwenyewe.

"Jumamosi utapiga shabaha mbele yangu," alisema. "Hatua mia moja. Risasi tatu, zote ndani ya duara lenye upana wa sahani. Ukishindwa, kibali nakichukua. Siwezi kumwachia mtu bunduki ajeruhi ovyo."

Afisa alipoondoka, Chuma akanigeukia mimi.

"Umeona ndoo yako? Kibali kikienda, mahindi nayo yamekwenda!"

Iliniuma, maana bunduki niliichagua mimi.

Kesho yake nikasikia karakanani kimya. Chuma akinyamaza, ujue kuna jambo. Nikaenda. Nikamkuta amevaa miwani ya kuchomelea. Bunduki ameibana kwenye jiliwa, kile kibanio cha mezani, kitako amekitoa. Pembeni kuna chuma kirefu alichokikata na kukikunja vizuri.

"Unafanya nini?"

"Natupa plastiki. Naichomelea kitako cha chuma."

"Unachomelea bunduki?"

"Chuma kwa chuma. Kuna ajabu gani?"

Mimi si fundi. Lakini najua baruti hulipuka ndani ya kitu hicho, sentimita chache kutoka usoni kwake. Nikachomoa waya wa mashine ukutani.

"Weee! Rudisha umeme!"

"Sirudishi ng'o! Twende kwanza kwa fundi wa bunduki. Akisema chomelea, nitakushikia mwenyewe."

"Mimi ni fundi miaka ishirini!"

"Ya mageti, baba. Kuuliza si ujinga."

Alinung'unika njia nzima, lakini alikuja, bunduki na kitako mkononi.

Fundi wa bunduki mwenye leseni ni mama mmoja wa makamo, mtaa wa pili kutoka kwetu. Watu wanamwita Mama Vipimo, maana hagusi kitu bila kukipima. Nilipoingia karakanani kwake nilisimama nikashangaa. Kila bisibisi ina mahali pake ukutani, na umbo lake limechorwa hapo kwa kalamu. Kikikosekana kifaa kimoja, ukuta wenyewe unamwambia. Nilitamani Chuma aone, nikamwona anaangalia kwa jicho la pembeni.

"Ina risasi?" Mama Vipimo aliuliza kabla hata ya salamu.

"Haina," alisema Chuma.

Hakumwamini. Alielekeza mtutu kwenye ukuta mnene usio na mtu. Akatoa magazini, kile kisanduku cha risasi cha chini. Akavuta komeo, yaani kile chuma unachokivuta nyuma na kukisukuma mbele baada ya kila risasi. Akachungulia ndani, akatia na kidole.

"Sasa hamjambo," alisema. "Ina tatizo gani?"

"Plastiki," alisema Chuma.

"Plastiki ni jina la kitu, baba. Mimi nimeuliza tatizo."

Chuma akaeleza yote, pamoja na mpango wake wa kuchomelea. Mama Vipimo akaweka mkono kifuani.

"Nani alikuzuia?"

"Huyu," alisema Chuma, akaninyooshea kidole.

"Basi mshukuru. Chuma cha bunduki kimepikwa kwa moto wa kipimo ndipo kikawa kigumu. Ukikichoma tena kinalainika, na kwa macho huwezi kukijua. Siku utakayopiga, kinapasuka usoni."

Nilimwona Chuma anajigusa shavu.

Mama Vipimo akairudisha bunduki kwenye kitako, skrubu akazikaza kwa kufuata michubuko iliyobaki, kama zilivyokuwa. Kisha akachukua kipande cha karatasi, akakizungusha chini ya mtutu, akakivuta polepole. Kitako kinaendelea mbele mpaka chini ya mtutu, na kati ya mtutu na plastiki hiyo karatasi inatakiwa ipite bila kukwama. Ilikwenda kidogo, ikagoma.

"Mtutu unagusa kitako," alisema. "Unapopiga risasi, mtutu unatikisika na kupata moto. Ukiwa huru, unatikisika vilevile kila mara, na risasi zinakwenda mahali pamoja. Ukisukumwa upande mmoja, kila risasi na njia yake. Hebu niambie, skrubu hizi nani amezikaza?"

"Mimi. Baada ya mwezi wa kwanza nilizifungua nikazikaza upya, zisilegee."

"Kwa nguvu gani?"

Chuma akageuka kuangalia bisibisi za ukutani. Nikaona nimsaidie.

"Alichomeka bomba kwenye mpini wa spana," nikasema, "kama anavyokaza mageti."

Mama Vipimo alicheka mpaka akavua miwani. Hata mimi nikacheka. Chuma alijikaza, mwisho akashindwa, akacheka pia.

"Baba, hii si geti! Plastiki imebonyea, kitako kimejikunja, kikaegemea mtutu. Umeikaba koo, halafu unailaumu kwamba haiimbi."

"Basi si ndiyo hayo?" alisema Chuma. "Ingekuwa chuma isingebonyea."

"Kweli. Na ingekuwa nzito, ungechoka kuibeba. Ingekuwa mbao, mvua ingeivimbisha. Njoo uone."

Akaitenganisha tena, akaupima mtutu na kupanga vipande mezani. Alivishika kwa upole, kama mtu anayeshika mayai.

"Mtutu, chuma. Komeo, chuma. Chumba cha risasi, chuma. Hapa ndipo moto wa baruti unapokaa. Hapa sikubali plastiki, na aliyeiunda bunduki hakuiweka. Sasa kitako kinafanya nini? Kinashika tu. Na kikingio hiki kinachozunguka triga ya kufyatulia kinazuia tu isiguswe na majani. Kazi hizo plastiki inaziweza. Pesa aliyoiokoa mtengenezaji kwenye kitako, ameitia kwenye mtutu. Huo mtutu nimeupima. Ni mzuri kuliko wa bunduki nyingi za bei kubwa zinazoletwa hapa."

Chuma aliuchukua ule mtutu, akauinua kwenye mwanga, akachungulia. Alitazama muda mrefu. Najua anavyotazama kazi nzuri ya fundi mwenzake.

"Ukiona vyaelea, vimeundwa," alisema taratibu.

"Lakini sikudanganyi," aliendelea Mama Vipimo. "Plastiki ina adui zake. Hii magazini umeiosha na nini?"

"Thina ya rangi."

"Ona midomo yake, hapa inaposhika risasi. Ina ufa. Thina inaila, na joto pia linaikunja, kwa hiyo usiikaushe karibu na moto. Itupe. Nunua nyingine iliyotengenezwa kwa bunduki hii hii, ya plastiki au ya chuma, mradi ikae sawasawa. Usiichonge mwenyewe."

Akafunga msasa kwenye kijiti, akasugua ndani ya kitako pale palipogusa mtutu. Akarudisha skrubu kwa bisibisi yenye kipimo. Ilipofika kiasi, ikalia *tak*, naye akaacha hapo hapo. Akavuta karatasi tena. Safari hii ilipita mpaka mwisho.

"Imetosha?" Chuma hakuamini. "Mbona hujaikaza?"

"Nimeikaza inavyotaka yenyewe. Si unavyotaka wewe."

Ijumaa tulikwenda naye uwanja wa shabaha, na magazini mpya, akarekebisha darubini ya kulengea iliyo juu ya bunduki. Jumamosi majirani walijaa. Nilisimama nyuma ya kamba.

Risasi ya kwanza, ndani. Ya pili, ndani. Kisha ya tatu, ile iliyokuwa ikitutia aibu. Nilifumba macho. Nikasikia mlio, halafu majirani wakapiga kelele. Zote tatu ndani, unaweza kuzifunika kwa kifuniko cha chupa ya chai.

Afisa aliishika ile karatasi ya shabaha, akatikisa kichwa.

"Umebadilisha bunduki?"

"Ametupa ile ndoo!" jirani mmoja akapaza sauti, maana jina hilo Chuma alilieneza mtaa mzima.

"Ni ile ile," alisema Chuma kwa sauti ya kusikika na wote. "Bunduki haikuwa na kosa. Kosa ni la mkono wangu. Na nilitaka kuiharibu kabisa, mke wangu akanizuia. Aliichagua vizuri."

Jamani! Mwanamume yule, mbele za watu! Nilifurahi kuliko nilivyofurahia zile risasi tatu. Kibali alibaki nacho, na msimu ule tulivuna hadi mistari ya mwisho kabisa, ile iliyopakana na msitu.

Juzi jirani alikuja na bunduki yake mpya, nayo ya kitako cha plastiki.

"Chuma, wewe una nguvu. Hebu nikazie hizi skrubu."

Chuma aliweka mikono yote miwili nyuma ya mgongo.

"Mimi ni fundi wa mageti," alisema. "Ngoja nivae viatu, nikupeleke kwa mwenye kazi yake."