Harusi ya Kombewa Bila Flashi

— Mercyline! Kumbe umepona?

Mercyline alikuwa ndio kwanza ashuke mbele ya kanisa pale Kombewa, begi la kamera begani. Akamshangaa bibi harusi.

— Nimepona nini, Debra?

— Si Griffin alinitumia meseji jana? Soma mwenyewe.

"Mercy anaumwa sana. Nitakuja mimi. Usimpigie, amelala."

Akairudia mara ya pili. Griffin, mpenzi wake, mwenye studio anakofanya kazi, aliyemfundisha kushika kamera! Januari Mercyline alijiwekea malengo na kumwambia yeye peke yake: aache auto, ile ya kamera kujipangia yenyewe, kufikia Pasaka, ajue kupiga bila flashi, kisha mwaka usiishe kabla hajapiga harusi moja peke yake, na hii ya Debra ndiyo. Kila Jumamosi alikuwa akishinda Kisian, kwenye vibanda vya akina mama wanaokausha samaki kwa moshi, akijaribu nyuso kwenye giza. Picha za mwanzo zilikuwa masizi matupu. Hakukoma.

Pikipiki ikasimama. Griffin akashuka, kamera shingoni.

— Mercy! Unafanya nini hapa?

— Eti naumwa? Naumwa nini, Griffin?

— Wacha kelele, watu wanaangalia. Ukiharibu harusi ya watu, jina la studio ndio litachafuka.

— Ni jina la studio, ama kuna kitu unaogopa?

Griffin akatazama chini.

— Ukishajua kila kitu, utabaki na mimi kwa nini?

Ilimuuma, maana alimpenda mwanaume huyu. Kabla hajajibu, pasta akatokeza mlangoni.

— Nyinyi watu wa picha, nisikizeni! Ndani ya kanisa langu hakuna flashi.

Griffin alibadilika rangi. Yeye na flashi ni chanda na pete.

— Mercy, huko ndani ni giza. Hutapata kitu, aki.

— Nishikie begi.

Aliingia roho mkononi. Picha ya kwanza, giza. Ya pili, giza. Mama ya Debra akamkazia macho, na Debra huyo anakaribia madhabahu! Jasho likamtiririka. Akakumbuka Kisian: sogea karibu, ngoja uso ugeukie mwanga. Akajibanza kando ya dirisha na kungoja. Debra akageuka kumtafuta mama yake, machozi yakimeremeta. Mercyline akabonyeza.

Nje, Griffin aliikuza picha ile kwenye skrini ya kamera. Kisha akauliza:

— Hii ulijifunza wapi? Mimi sikukufundisha.

— Kwa moshi wa Kisian. Ungeuliza, ningekwambia.

— Nisamehe, Mercy. Nilikuwa na uoga tu. Sasa lengo la mwaka ujao ni gani?

— Harusi ambayo sitashika kamera.

Griffin akainua uso haraka.

— Ya nani? Yetu?

— Itategemea. Kwanza nenda kwa Debra, mbele ya mama yake, useme ni nani alikuwa mgonjwa, mimi au wewe.

Griffin akamrudishia begi. Kisha akaenda.