Tangazo la Bomani

Siku ya gulio bomani Shinyanga hapapitiki. Salvina alijipenyeza na kikapu chake cha nyuzi na vifungo, gauni la maua ya njano limenyooshwa pasi vizuri, ndipo akakutana uso kwa uso na Majaliwa, mchumba wake, karani wa ndoa, akibandika karatasi ubaoni.

"Karani, kola inakukaba! Fundi gani huyo?"

"Wa Kambarage. Mzuri wa sura, mzito wa mkono." Alikuwa akimtania yeye mwenyewe aliyeishona, lakini hakucheka.

Salvina akatupa jicho ubaoni. Anisia Kamili, miaka kumi na sita. Bwana harusi: mwenye malori wa Isaka, miaka hamsini na mmoja. Idhini ya baba: imetolewa.

"Mdogo wangu huyu! Na wewe ndiye umeandika?"

"Mpenzi, nimekupigia simu pale dukani mara tatu..."

"Simu! Anisia kazaliwa wiki ya Uhuru, baba kachinja mbuzi, mtaa mzima ulikula. Huu ni mwaka sabini na sita. Hata kumi na tano hajafika!"

"Sauti, Salvina."

"Sauti ndiyo unayoona kubwa?"

Akaondoka bila kuaga, kifua kimemjaa hasira. Kwamba Anisia ni mjamzito alijua. Kijana mwenyewe alikuwa amekimbilia Geita kwenye dhahabu, na shule imeshamfuta. Ila ndoa hii hakuambiwa.

"Shikamoo, baba," alisema alipofika nyumbani.

"Marahaba." Mzee Kamili hakuinua macho. "Umeshaona, sivyo? Nafunika aibu yangu."

"Unamfunika mtoto, baba, si aibu."

"Wewe kumtaka Mwislamu nimemeza, nimekukubalia. Ukinipinga bomani, idhini hiyo naichukua. Utaolewa na cherehani yako."

Nyuma ya mlango Anisia alikuwa akimenya viazi, sketi ya shule bado kiunoni, zipu haifungi. "Dada," alinong'ona, "huyo babu simtaki. Mimi nataka kumaliza darasa la saba tu."

Salvina akafungua sanduku la marehemu mama yao, akatoa cheti cha ubatizo cha Anisia, cha misheni ya Ushirombo, chenye tarehe ya kuzaliwa. Mwaka mzima alikuwa ameibembeleza idhini ile, na sasa alikuwa anakwenda kuitupa.

Asubuhi Majaliwa alimkuta mlangoni pa ofisi. Kabla hajasalimiwa akavuta mtoto wa meza, akatoa fomu ya pingamizi. Jina la Salvina lilikuwa limeshaandikwa.

"Karani hapingi," alisema. "Mzazi akitaja umri, naandika, kisha nabandika siku ishirini na moja, mwenye neno aseme. Ningeweza kuificha nyuma ya matangazo ya pamba. Nimeiweka mbele, siku ya gulio, saa unayopita wewe kila juma."

"Si ungesema, mwanamume wewe!"

"Ulinipa nafasi?"

Salvina akacheka na machozi yakamtoka. Akatia sahihi, akaweka cheti mezani. Ndoa ile ikafa.

Lakini furaha ilikuwa wapi? Shule haikumrudisha Anisia. Tumbo lilizidi kukua. Baba alihamisha kiti chake, akawa anakula peke yake. Kila Salvina alipomwamkia, aliitikia ukuta. Miezi miwili alimwendea kupiga magoti, kuiomba tena idhini, miezi miwili akarudi mikono mitupu. Mtu anachoka.

"Una miaka ishirini na miwili, laazizi," Majaliwa alimwambia. "Sheria haikudai sahihi ya baba."

"Sheria haikunilea."

"Basi tungoje mpaka nizeeke? Nami nije na miaka hamsini na mmoja?"

Salvina akamtazama, uchovu na upendo vimemkaba pamoja. "Bandika tangazo letu," akasema. "Akitaka kupinga, ubao anaujua."

Siku zikahesabika. Siku ya ishirini Mzee Kamili akatokea bomani, kanzu nyeupe ya misa, kofia mkononi. Salvina, aliyekuwa amemletea Majaliwa chakula, aligandia dirishani. Mzee alisoma tangazo polepole, kidole kikifuata mstari kwa mstari. Kisha akaja dirishani.

"Shikamoo, mzee," alisema Majaliwa. "Umekuja kupinga?"

Mzee akamtazama binti yake kwa mara ya kwanza tangu siku ya pingamizi.

"Huyu," alisema, "umri wake mmeandika kweli."

Akavaa kofia yake, akaenda zake.